Kielelezo Namba Tatu

Dumu la njano, lita tano, kizibo cha gunzi.
Nililipokea Jumatatu limejaa hadi shingoni.
Leo Alhamisi nipa imeshuka mabegani.
Nimeandika: "Kielelezo kimepungua kwa joto."
Hakimu amesoma. Hakuuliza joto la nani.

Mimi ni karani, Mahakama ya Mwanzo, Newala.
Kazi yangu kuandika yanayosemwa
na kunyamaza kwa mwandiko mzuri.

Mshtakiwa: Somoe Nantende, miaka hamsini na miwili,
mkulima, hajawahi kutiwa hatiani.
Hivyo ndivyo lisemavyo faili. Faili halina pua.

"Unakubali au unakana?"

"Mheshimiwa, mkorosho ni wangu.
Korosho nilipeleka ghalani, mkanipa stakabadhi.
Bibo mliliacha chini, na nzi wake.
Nikaliokota.
Nionyesheni basi, kwenye tunda moja,
haramu inaanzia wapi,
nipitishe kisu hapo."

"Karani, andika: anakubali."

Nikaandika.

Nje, kwenye benchi, kesi ilikuwa ikiendelea bila hakimu.
Wakili kijana wa Mtwara mjini, viatu vyekundu kwa vumbi letu:
ruhusuni, pimeni, tozeni kodi,
nipa, bangi, vyote,
kinachouzwa gizani hakina kipimo.
Nesi Mrope hakuinua hata sauti:
"Kodi utahesabu wewe.
Macho yaliyopofuka huletwa kwangu."
"Na ile ya chupa, yenye stempu," akadakia muuza maandazi,
"ile haiui? Au inaua kwa risiti?"
Mwalimu wa madrasa akasoma aya moja, akaenda kuwahi adhuhuri.
Hakuna aliyembishia. Hakuna aliyemfuata.

Nami nilikuwa na la kusema.

Mdogo wangu Dadi alikamatwa Kitangari na misokoto miwili,
mwaka ule salfa ilipochelewa.
Aliingia Lilungu akicheka.
Alirudi anakunja shuka pembe nne,
anamwomba mama yake mzazi ruhusa ya kwenda chooni.
Bangi hiyo, ndugu wakasema.
Huenda. Alianza kuvuta darasa la sita,
na kuna usiku aliongea na ndoo
kabla hajaijua pingu.
Moshi, au lango?
Nimepekua faili lake mara tisa.
Mihuri tele. Hakuna ukurasa unaosema.

Kwa hiyo mtu akiniambia jibu ni rahisi,
la huku au la kule,
namtazama mikono:
huyu hajawahi kumvua viatu mtu mzima anayelia.

Hukumu: faini elfu hamsini au miezi mitatu.
Kielelezo kiteketezwe.

Somoe akafungua pindo la kanga.
Noti zilikuwa laini, zinanuka bibo,
na chumba kizima kilijua zilikotoka,
pamoja na yule askari anayejifuta midomo.
Nikazihesabu mara mbili, nikamkatia risiti ya Serikali.
Kumbe kodi tunatoza.
Siku nyingi.

Tukamwaga nyuma ya jengo.
Udongo wa Newala haukatai kimiminika,
ulikunywa chote kabla sijageuka.

Alikuwa bado amesimama.

"Karani, na dumu?"

"Dumu ni sehemu ya kielelezo, mama."

"Dumu ni la maji. Nipa lilibeba siku moja tu.
Leo bomba linatoka, foleni imefika sokoni,
nami sina jingine."

Nikaitazama amri. Nikalitazama dumu.
Nikalikung'uta mara tatu, matone ya mwisho yakaniangukia kidoleni.

Akaondoka nalo kichwani, tupu, bila kulishika.

Nikaketi, nikaandika: "Limeteketezwa."
Mwandiko, kama kawaida, ulikuwa mzuri.